Miguu Yaingia Renjini

Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mzee mmoja kutoka Uswidi, Oscar Swahn, alitwaa medali ya dhahabu ya kulenga kulungu anayekimbia. Alikuwa na umri wa miaka 60. Kulungu mwenyewe alikuwa picha iliyopitishwa kasi mbele ya walengaji umbali wa mita 100, na mlengaji alitakiwa ampate kabla hajatoweka upande wa pili. Mwaka 1912 Swahn alipata dhahabu nyingine pamoja na timu yake kule Stockholm, na mwaka 1920 akaondoka Antwerp na medali ya fedha akiwa na miaka 72. Namtaja kwa heshima, na pia kwa sababu mchezo wake unaonyesha jinsi wakuu wa ulengaji walivyofikiri kwa miaka mingi. Shabaha iliruhusiwa kukimbia itakavyo, ila mwenye silaha alisimama pale pale alipowekwa.

Nilipofundishwa silaha polisini, fikra hiyo ilikuwa hai bado. Mkufunzi alitupanga mstarini na bunduki zetu za G3, tukalala kifudifudi, tukapiga goti, tukasimama, kila mkao kwa amri yake. Bastola nazo tulizifyatua tukiwa tumeikita miguu ardhini, na aliyehamisha unyayo kabla ya amri alitolewa mstarini papo hapo. Siilaumu sheria hiyo. Kundi la vijana wenye risasi za moto, wengine wakiwa hawajawahi kushika hata manati, huwezi kuliachia litembee. Tatizo ni kwamba sheria ya kulinda wanafunzi iligeuka imani, na walimu wengi hodari wakastaafu wakiamini kwamba risasi ya mtu anayetembea ni risasi iliyopotea.

Imani hiyo ilikuwa na ushahidi wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wafaransa walibuni mbinu ya askari kuvuka uwanja ulio kati ya mahandaki huku wakitembea na kufyatua, bunduki ikiwa usawa wa nyonga. Wamarekani wakaichukua. Bunduki yao ya BAR ya mwaka 1918 ilikuwa na mkanda wake maalumu, wenye kikombe cha chuma cha kuegemezea kitako, ili askari asonge hatua kwa hatua akimimina risasi bila kuipandisha silaha begani. Katika vita vya pili Jenerali Patton bado aliisisitiza: askari wa miguu afyatue risasi moja kila baada ya hatua mbili tatu. Kusudi lilikuwa kumlazimisha adui ainamishe kichwa. Hapakuwa na mtu aliyetarajiwa kupiga alama ya ukubwa wa kiganja, kwa hiyo mbinu yenyewe haikumdai askari ajue goti lake linafanya nini anapotembea.

Shanghai, kati ya vita hivyo viwili, ndiko ninakoona chimbuko la kulenga huku miguu ikitembea. William Fairbairn alijiunga na polisi wa mji huo mwaka 1907, na baadaye yeye na Eric Sykes wakajenga mafunzo ya bastola kutokana na yale yaliyokuwa yakiwakuta askari wao vichochoroni. Kitabu chao cha mwaka 1942 kinataja mapambano 666 ya silaha katika muda wa miaka kama 12. Mabwana hawa hawakuwa na subira na ubao wa miduara. Waliandaa nyumba ya mazoezi, mwanafunzi akaingia bila kujua kilichomo: mwanga hafifu, milango, shabaha zinazochomoza ghafla. Kule Camp Perry, jimbo la Ohio, polisi wa Marekani nao walikuwa na kichochoro chao cha mazoezi katika miaka ya 1920, wakikiita Hogan's Alley. Lakini hayo yalibaki ya polisi. Wanamichezo wa bastola waliendelea kusimama mstarini kiubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka na silaha.

Aliyeutoa mchezo hapo ni Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa Marines. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuandaa mashindano huko Big Bear Lake, kwenye milima ya California. Shindano lao la mwanzo, Leatherslap, lilikuwa la kuchomoa bastola kiunoni na kupasua baluni. Wengi walifyatua silaha ingali kwenye nyonga, mkono mmoja, wakakosa kwa kasi ya ajabu. Jack Weaver, naibu sherifu wa kaunti ya Los Angeles, yeye aliishika bastola kwa mikono miwili, akaipandisha hadi usawa wa macho, akatazama kilengeo, ndipo akafyatua. Mwaka 1959 alishinda. Cooper, ambaye awali aliamini katika kufyatua kutoka kiunoni, alikubali alichokiona, akautangaza mkao wa Weaver dunia nzima.

Sifa ambayo mimi humpa Cooper kuliko zote ni kwamba aliacha matokeo yaamue. Yeye na wenzake walibadilisha majaribio kila mara ili asiwepo wa kukariri. Leo unachomoa bastola ukiwa umeketi, wiki ijayo unaanzia nyuma ya ukuta, baadaye unakimbia kutoka alama moja hadi nyingine. Mwaka 1975 walengaji wa nchi mbalimbali walikutana Zürich, Uswisi, kwa ubingwa wa kwanza wa dunia, naye Ray Chapman wa Marekani akaunyakua. Mei 1976, katika mkutano uliofanyika Columbia, Missouri, likazaliwa shirikisho la kimataifa, IPSC, Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Walichagua maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Kanuni waliyoiweka ndiyo iliyofungua mlango: mlengaji apewe tatizo, na njia ya kulitatua aichague mwenyewe.

Hata hivyo, miguu haikuachiliwa siku ile. Majaribio ya miaka ya mwanzo yalitumia masanduku, yaani miraba iliyowekewa mipaka ya mbao ardhini. Unakimbia hadi ndani ya mraba, unasimama, unafyatua, unakimbilia mraba wa pili. Mwendo ulikuwapo na ulengaji ulikuwapo, lakini havikukutana. Miaka ilivyokwenda, waandaaji wakaanza kuunganisha miraba hiyo kuwa eneo moja pana, mbao zikabaki pembeni tu. Basi mlengaji mwenye akili akajiuliza: kama nina ruhusa ya kufyatua popote humu ndani, kwa nini nisubiri kufika?

Mashindano mengine ya wakati huo hayakufuata njia hii. Bianchi Cup, iliyoanza mwaka 1979 hapo hapo Columbia, ina zoezi ambalo shabaha inateleza mbele ya mlengaji aliyesimama, mchezo wa mzee Swahn kwa bastola. Steel Challenge, iliyoanza mwaka 1981 California, inamwachia mshindani abanduke alipo katika zoezi moja tu, Outer Limits, na hata humo anahama kutoka mraba hadi mraba.

Sisi wa Afrika tusijifanye kwamba historia hii ilipita mbali nasi. Ubingwa wa tatu wa dunia ulifanyika mwaka 1977 Salisbury, Rhodesia, mji ambao leo ni Harare, na mwenyeji Dave Westerhout ndiye aliyeshinda. Nchi ilikuwa vitani, serikali ya walowezi wachache ikiwapiga Waafrika waliodai nchi yao, na ulimwengu ulikuwa umeiwekea vikwazo. Ubingwa wa mwaka 1979 ulikwenda Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mlengaji Mwafrika anayeupenda mchezo huu anapaswa kulijua hilo bila kulikwepa. Shabaha za karatasi za enzi hizo zilikuwa na kichwa na mabega ya binadamu. Baadaye IPSC ilileta shabaha nyingine, kipande cha kadibodi chenye pembe nyingi kisicho na kichwa, na mimi nilifurahi kuiona ikitundikwa kwetu, kwa sababu inamwambia kijana tangu siku ya kwanza kwamba amekuja kucheza mchezo.

Nirudi kwenye miguu. Mkao wa Weaver, pamoja na uzuri wake wote, ulikuwa umefungwa ardhini. Mguu wa kushoto unatangulia, kiwiliwili kinageuka ubavu, mkono wa kulia unasukuma huku wa kushoto ukivuta. Ukiwa umesimama, bastola inatulia vizuri sana. Jaribu kutembea hivyo kuelekea shabaha: kila mguu wa kulia unapotangulia nyonga inageuka, na silaha inageuka nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wawili wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, waliuacha. Walisimama mabega yote mawili yakitazama mbele, mikono yote imenyooka sawa, viwiko vimelegea kidogo. Wakubwa waliwakosoa. Mwaka 1983 Leatham akawa bingwa wa dunia, na ukosoaji ukapungua. Faida ya mkao huo kwa mwendo ni kubwa. Kuanzia kiunoni kwenda juu mwili hauulizi tena nyayo ziko wapi. Kiuno kinageuka, miguu inakwenda inakotaka, macho na bastola vinabaki pamoja.

Miaka hiyo hiyo zilitokea taima za kielektroniki zinazosikia mlio wa kila risasi na kuandika muda wake. Kabla yake mwamuzi alikuwa na saa ya mkononi na filimbi. Sasa mlengaji aliweza kuona kwamba kati ya risasi ya sita na ya saba zilipita sekunde mbili nzima, na kwamba sekunde hizo mbili zilikuwa za kukimbia bila kufyatua. Hapo ndipo mazoezi ya kufyatua ukitembea yalipopata sababu ya kuwapo.

Sababu yenyewe ni hesabu, na mimi huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni kabla hawajagusa silaha. Alama unazozipata hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Eneo la katikati, A, lina alama 5. Eneo la C lina alama 3 kwa bastola ya nguvu ndogo. Tuseme una risasi 12, umezipiga zote A kwa sekunde 10: alama 60 gawanya kwa 10, unapata 6. Mwenzako amefyatua akitembea, risasi mbili zimeangukia C, lakini ametumia sekunde 9: alama 56 gawanya kwa 9, anapata 6.22. Amekushinda. Wa tatu naye ametembea, risasi moja ikakosa kadibodi kabisa. Anapoteza zile 5 na kukatwa 10 nyingine, anabaki na 45, gawanya kwa 9 ni 5. Huyo amebaki nyuma yenu kwa mbali. Ndiyo maana huwa nawakanya wanaoona kutembea ni ushujaa. Shabaha ikiwa mbali, au imefunikwa nusu na shabaha ya adhabu, yaani ile usiyotakiwa kuipiga, simama, piga, kisha kimbia. Ikiwa karibu na wazi, kusimama ni kutupa muda.

Polisi nao walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kuvuka futi 21, yaani mita zisizofika saba, kwa sekunde kama moja na nusu, muda ule ule askari wa kawaida anaouhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Wakufunzi waliosoma jambo hilo wakaanza kufundisha kuhama kwanza, kwenda kando, silaha ikitoka kiunoni. Mwaka 1996 wapenzi wengine wa bastola walianzisha chama cha IDPA Marekani, wakirudisha mchezo kwenye silaha za kubebwa kila siku, na katika jaribio lao la kupima viwango wakaweka mwendo: mlengaji afyatue akisonga, bila kusimama. Mchezo huo ndio unaopendwa sana Kenya kwa sasa, na Kirigiti, Kiambu, ndiko ninakotumia Jumamosi zangu tangu nilipovua sare.

Ukifika hapo asubuhi utanikuta na wanafunzi wasio na silaha yoyote mkononi. Kila mmoja ameshika kikombe cha chai kilichojaa, mikono miwili mbele, usawa wa kidevu. Wanatembea kuelekea kwenye kingo ya udongo. Zoezi la maji katika chombo ni la zamani katika mchezo huu na linafundishwa kila bara. Magoti yanakunjwa zaidi ya kawaida, nyonga inashuka, kisigino kinagusa kwanza, kisha unyayo unabingirika hadi vidoleni, na hatua inakuwa fupi. Wamarekani waliupa mwendo huu jina la Groucho Marx, mchekeshaji wa sinema aliyetembea ameinama magoti. Kwetu sijapata kuhitaji kumtaja. Nawaambia watembee kama mama aliyejitwika ndoo ya maji akipanda mlima wa kwao, na wanaelewa mara moja, kwa kuwa wamemwona: miguu inafanya kazi yote, shingo haina habari.

Vikombe vikiwekwa chini, zinakuja bastola tupu. Wengi wana Ceska. Nazikagua chemba moja moja, magazini zimeachwa mezani. Sasa mlengaji anatembea akitazama kilengeo cha mbele kikiwa juu ya shabaha, na anaona kitu ambacho hakukitarajia: hakitulii. Kinachora nane iliyolala. Kazi ya asubuhi nzima ni kuipunguza nane hiyo, maana kuifuta haiwezekani, na mtu akijaribu kuifuta anakaza mabega na kuikuza.

Hapo huzuka swali ambalo limegawanya walimu kwa muda mrefu. Wa zamani walifundisha kufyatua kati ya hatua na hatua, uzito ukiwa unahama, kabla kisigino hakijagonga. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo anayekuja na daftari, aliniuliza mbele ya wenzake: "Afande, nifyatue mguu upi ukiwa chini?"

"Wowote, mama," nikamjibu. "Kilengeo kikiwa ndani ya A, fyatua."

Huo ndio msimamo wangu, na unakubaliana na alichoandika Enos katika kitabu chake cha mwaka 1990, kwamba macho ndiyo yaamue wakati wa risasi. Anayehesabu hatua anakuwa na kazi mbili kichwani, na shabaha ya tatu inamkuta bado anahesabu.

Risasi za moto tunazianza mita kumi, tukisogea hadi tano, shabaha moja kubwa, bila taima. Kisha tunaingia ubavuni, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mgumu. Mtu wa mkono wa kulia akienda kulia hupata nafuu, kwani kiwiliwili kinageukia kushoto kwa urahisi. Akienda kushoto lazima akisokote kuelekea kulia, bega linakaza na risasi zinaanza kutawanyika. Upande huo huo wa kushoto una hatari kubwa zaidi: akibadilisha magazini huku anakimbia, mtutu hujielekeza anakokwenda, na usipomfundisha mapema utavuka mstari wa usalama na kutazama walio nyuma. Akiuvuka, siku yake imekwisha. Anafungasha na kurudi nyumbani, awe bingwa au mgeni. Kidole nacho kinatoka kwenye kifyatulio kila anapohama bila kulenga. Mimi husimama karibu na bega lake, nikitazama kidole na mtutu. Tundu za risasi tutaziangalia baadaye.

Linafuata zoezi la mapipa. Mapipa mawili yanawekwa mbali kidogo, mlengaji anayazunguka kwa umbo la nane huku mtutu ukibaki umeelekea kwenye kingo muda wote. Katika mzunguko mmoja analazimika kwenda mbele, kulia, kushoto na kinyumenyume bila kukata mwendo. Sijui zoezi jingine linalofundisha mengi hivyo kwa eneo dogo hivyo. Kinyumenyume ndicho ninachokifundisha mwisho kabisa, kwanza kwa silaha tupu kwa wiki nyingi, kwa sababu mtu akijikwaa akianguka na silaha yenye risasi hakuna sheria itakayomfikia kwa wakati. Vidole vya miguu vinagusa kwanza, mguu unaburuzwa karibu na ardhi kutafuta jiwe au ganda la risasi, ndipo uzito unahamishwa.

Risasi ni ghali, na mlengaji wa kwetu hawezi kushindana kwa wingi wa risasi na watu wa Ulaya au Marekani. Ndiyo maana huwasimulia wanafunzi habari za Tatsuya Sakai. Huyu ni Mjapani, na Japani raia wa kawaida hawaruhusiwi kumiliki bastola. Alifanya mazoezi nyumbani kwa bastola za kuchezea zinazorusha punje za plastiki kwa hewa, kisha akasafiri Marekani, na mwaka 2004 akaishinda Steel Challenge mbele ya mabingwa waliokulia renjini. Hatua za miguu ndizo rahisi kuliko zote kujifunza hivyo, maana ukuta wa sebuleni na korido vinatosha. Nawataka wafungie risasi chumba kingine, wakague chemba mara mbili, wabandike ukutani kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, na watembee mbele yake kila jioni kabla ya chakula, wakianza na ule upande wa kushoto unaowatesa.